Jinsi ya Kuona Seli Inavyoshika Kioo: Mwongozo wa Hadubini ya Mwingiliano wa Mwanga

Ukiotesha fibroblasti (seli za tishu unganishi) kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini ya kawaida, utaona umbo lake, utaona kiini, utaona ukingo mwembamba unaotangulia seli inapotambaa. Hutaona imeshika kioo wapi. Sehemu kubwa ya upande wa chini wa seli imeinuka. Panaposhika hasa ni michirizi midogo, na pengo lililobaki hapo kati ya utando wa seli na kioo ni nanomita 10 hadi 15 tu. Hadubini ya kawaida haitofautishi pengo la nanomita 15 na la nanomita 150.

Hadubini inayotumia mwingiliano wa mwanga ulioakisiwa hutofautisha, tena bila kupaka seli rangi na bila kuiua. Mtafiti Adam Curtis aliitumia mwaka 1964 kwa fibroblasti za moyo wa kiinitete cha kuku. Mwaka 1976 Colin Izzard na Linda Lochner wakarudi kwenye seli za aina hiyohiyo, safari hii wakiihoji mbinu yenyewe: weusi unaoonekana kwenye picha unatokana na nini hasa? Mwongozo huu unafuata njia yao zaidi, maana picha za namna hii hupatikana kirahisi na husomwa vibaya kirahisi zaidi. Doa jeusi likitokea kwenye skrini, kila mtu chumbani anasema "ameshika." Subiri kwanza.

Kinachotokea chini ya seli

Umeshaona rangi zinazotandaa juu ya dimbwi la maji lililomwagikiwa dizeli. Mwanga unaakisiwa juu ya utando wa mafuta na chini yake, mawimbi mawili yanarudi pamoja, na kulingana na unene wa utando yanaongezeana nguvu au yanauana. Chini ya seli mambo ni hayohayo, ila utando mwembamba hapa ni maji yaliyo kati ya kioo na seli.

Mwanga unapita ndani ya kioo ukitokea chini. Unapofika mpaka wa kioo na maji, sehemu ndogo inarudi. Unaobaki unavuka pengo, unafika kwenye seli, na sehemu ndogo zaidi inarudi. Wimbi hili la pili hugeuzwa nusu mzunguko, kwa sababu limetoka kwenye maji na kugonga kitu chenye fahirisi kubwa zaidi ya mpindo wa mwanga, yaani kinachopinda mwanga zaidi. Kwa hiyo pengo likiwa karibu na sifuri mawimbi mawili yanapingana na pale panakuwa peusi. Pengo likifika robo ya urefu wa wimbi ndani ya maji, yanaongezeana na panang'aa.

Tuweke tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazokuonyesha ugumu uko wapi. Fahirisi ya kioo ni takriban 1.52, ya midia (kimiminika cha kuoteshea seli) 1.335, na ya saitoplazimu tuchukue 1.37. Mpaka wa kioo na midia unarudisha takriban asilimia 0.42 ya mwanga. Mpaka wa midia na seli unarudisha takriban asilimia 0.017. Hizo ndizo ishara zako zote. Linganisha na mpaka wa hewa na kioo, unaorudisha zaidi ya asilimia 4, utaelewa kwa nini lenzi kavu haifai kabisa kwa kazi hii: mwako wake peke yake unauzidi mara kumi mwanga unaoutafuta. Tumia lenzi ya mafuta. Fahirisi ya mafuta iko karibu sana na ya kioo, hivyo mpaka wa kati yao karibu haurudishi kitu.

Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 546, na ukiuita mwangaza wa mahali pasipo na seli 1, hesabu rahisi inatoa hivi: pengo la nanomita 12 linaonekana kwa mwangaza wa takriban 0.67; nanomita 30, takriban 0.80, nanomita 100, takriban 1.44. Sasa angalia mtego uliofichwa hapo katikati. Karibu na nanomita 48 mwangaza unarudi kuwa 1 kamili, yaani sehemu ya seli iliyo kimo hicho haitofautiani na mahali patupu. Ukiona ukingo wa seli "umekatika" kisha ukaendelea mbele, haujakatika. Umepita tu kwenye kimo kisichoonekana.

Hatua ya 1: Andaa kioo na chombo

Seli zioteshwe juu ya kioo chembamba cha kufunikia slaidi, unene wa milimita 0.17, namba 1.5 kwenye boksi. Sahani za plastiki za kuoteshea ziache. Ni nene kuliko lenzi ya mafuta inavyoweza kufikia, na plastiki huvuruga mwanga uliopolarishwa, yaani uliochujwa utetemeke kwa mwelekeo mmoja.

Kama bajeti hairuhusu sahani zenye kioo chini zinazouzwa tayari, tengeneza. Chukua sahani ya petri ya milimita 35, toboa tundu la milimita 15 hivi katikati ya kitako, lainisha kingo kwa msasa, kisha bandika kioo chembamba kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Silikoni ya kawaida ya dukani inayonuka siki inakubalika ukiipa siku ya kukauka na kisha ukaisuuza vizuri. Ikiwa mbichi, siki hiyo inaua seli.

Osha vioo kwa sabuni ya maabara, suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka povu liishe, pitisha kwenye ethanoli, kausha, halafu ua vijidudu. Usiruke suuza ya mwisho. Masalio ya sabuni hufanya tabaka, na tabaka lolote juu ya kioo linabadilisha mwakisiko na pia linabadilisha namna seli inavyoshika. Utakuwa unapima sabuni.

Kwa fibroblasti, paka kioo fibronektini (protini ambayo seli hushika) au acha protini za seramu zijipake zenyewe. Andaa na vioo viwili vya kulinganishia: kimoja kimepakwa polilaisini, ambapo seli huvutwa kwa chaji na kulala karibu na kioo kwa eneo pana, na kingine kimezibwa kwa albumini, ambapo seli nyingi hushindwa kutandaa. Bila viwili hivyo hutakuwa na cha kusimamia ukiulizwa swali.

Hatua ya 2: Panda seli chache

Seli zilizobanana hukanyagana, na ukingo wa moja ukipanda juu ya nyingine picha haisomeki. Panda chache, kiasi kwamba nyingi zinakaa peke yake, elfu chache kwa sentimita ya mraba. Muda unategemea swali lako. Kama unataka kuona mwanzo wa kushika, anza kutazama dakika kumi baada ya kupanda. Kama unataka michirizi iliyokomaa, ziache saa kadhaa au hadi kesho yake.

Seli ikitoka kwenye inkubeta kuja mezani inapoteza hewa ya kaboni dayoksaidi, midia inageuka kuwa ya alkali, na seli huanza kujikunja. Weka midia yenye HEPES, kemikali ya kuzuia alkali hiyo, milimola 10 hadi 25 kwa lita. Joto liwe nyuzi 37. Washa kipasha joto saa moja kabla ili chuma cha hadubini nacho kitulie, la sivyo fokasi itakuwa inateleza kila dakika, na katika mbinu hii fokasi ikiteleza kidogo tu picha inageuka kitu kingine.

Hatua ya 3: Badilisha hadubini ya floresensi

Unahitaji hadubini ambayo mwanga wake unapita kwenye lenzi ileile inayotazamia. Hadubini ya floresensi (ya kutazama rangi zinazong'aa) iliyopinduliwa, yaani yenye lenzi chini ya sampuli, iko hivyo tayari. Kilichobaki ni kubadilisha kijisanduku cha filta: weka filta nyembamba ya nanomita 546 mahali mwanga unapoingilia (kwa taa ya zebaki huo ni mstari wenye nguvu, na kwa LED ya kijani filta hiyo inabana rangi), kisha kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu badala ya kile kinachochagua rangi. Filta ya upande wa kutokea iondolewe.

Hapo pana hatari ya kweli. Filta ya kutokea ndiyo inayokinga macho. Ukishaitoa, usitazame kwa macho mpaka uwe umepunguza mwanga kwa filta za kijivu na kuhakikisha hakuna miali ya urujuanimno inayopita. Njia salama zaidi ni kufunga njia ya macho na kutazama kwa kamera tu.

Tatizo linalofuata ni mwanga usio na kazi. Ndani ya lenzi moja ya mafuta mna vipande vingi vya kioo, na kila uso unarudisha chembe ya mwanga moja kwa moja kwenye kamera kabla haujafika kwa seli. Tuseme mwanga huo wa bure unalingana na ule wa kioo na midia: mchirizi mweusi uliopaswa kuwa 0.67 utaonekana kama 0.83. Bado unaonekana, lakini sasa unafanana na pengo la nanomita 30 na zaidi. Mtu anayekadiria urefu kwa macho hapo ameshapotea.

Dawa yake ilionyeshwa na mtafiti Ploem mwaka 1975. Mwanga unaoingia unapolarishwa. Mbele kabisa ya lenzi, upande wa sampuli, kuna bamba la robo ya wimbi. Na kwenye njia ya kurudi kuna polaraiza ya pili iliyogeuzwa nyuzi 90. Mwanga uliofika kwa sampuli umepita bamba mara mbili, ukageuka nyuzi 90, unaruhusiwa kupita. Ule ulioakisiwa ndani ya lenzi haukuvuka bamba, unazuiwa. Lenzi za aina hii huuzwa kwa jina la Antiflex. Zungusha pete ya mbele taratibu ukitazama skrini: kuna mahali ambapo ukungu wote wa kijivu unaanguka na seli inajitokeza. Hapo ndipo pa kukazia.

Huna Antiflex? Usiache kazi. Kwa kamera ya biti 12, mwanga wa bure unaweza kupimwa na kutolewa baadaye, kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 6. Mwenye hadubini ya konfokali, inayochanganua sampuli kwa leza, naye anaweza kuweka dirisha la kupokea mwanga juu ya rangi ileile ya leza na kupata picha nzuri, ila avumilie duara angavu katikati na mabaka ya leza yanayofanana na mikunjo ya seli.

Hatua ya 4: Tafuta fokasi

Hapa wanaoanza hutumia nusu saa bila sababu. Funga diafragamu ya uwanja, ile inayobana ukubwa wa eneo linaloangazwa, mpaka ibaki ndogo. Weka tone la mafuta, pandisha lenzi taratibu. Kingo za diafragamu zikionekana kali kwenye skrini, uko kwenye mpaka wa kioo na midia, maana huo ndio uso unaoakisi kuliko wote. Seli iko hapohapo. Fungua diafragamu mpaka kingo zitoke nje kidogo ya picha, usizidishe, kwa sababu kila eneo la ziada linaloangazwa linaleta ukungu.

Hatua ya 5: Weka apecha ya mwangaza

Kama una muda wa kujifunza hatua moja tu vizuri, iwe hii. Diafragamu ya pili, ya apecha, huamua mwanga unaingia kwa pembe pana kiasi gani. Ikiwa imebanwa, miali inaingia karibu wima na mwingiliano unaonekana hadi kimo kikubwa: nanomita 0 peusi, 102 pang'avu, 204 peusi tena, na kuendelea. Seli nzima inajaa mistari kama ramani ya milima. Inapendeza, na inadanganya. Peusi pa nanomita 204 panafanana kabisa na panaposhika. Mbaya zaidi, kwenye ukingo mwembamba wa seli mwanga unaoakisiwa na mgongo wa seli nao unaingia kwenye hesabu, na unachora weusi unaohusu unene wa ukingo, hauhusu kioo.

Ukifungua apecha, miali ya pembe nyingi inachanganyika, mistari ya kimo kikubwa inajifuta yenyewe, na inabaki ile iliyo karibu sana na kioo. Kwa kutafuta mishiko, fungua hadi apecha ya mwangaza ya 1.0 au juu kidogo. Kuihesabu ni rahisi: toa jicho la hadubini au tumia lenzi ya Bertrand (kilenzi cha kuonyesha nyuma ya lenzi kuu), tazama nyuma ya lenzi, linganisha kipenyo cha diafragamu na kipenyo chote cha lenzi, kisha zidisha na namba ya apecha iliyochongwa kwenye lenzi. Diafragamu iliyofunguka nusu kwenye lenzi ya 1.25 ni 0.63. Kwa lenzi ya 1.4 usifungue hadi mwisho. Miali ya juu ya 1.33 haivuki kuingia kwenye maji bali inaakisiwa yote, na usuli unakuwa mweupe hadi kuifunika ishara.

Hatua ya 6: Piga picha na sawazisha

Rekebisha muda wa kupiga ili mahali pasipo na seli pawe karibu na nusu ya uwezo wa kamera, mathalani 2000 kati ya 4095. Sehemu angavu za seli zitafika 2900 hivi bila kukatwa.

Piga picha tatu zaidi kwa mpangilio uleule. Ya kwanza, taa imefungwa. Ya pili, sehemu tupu ya kioo kilekile chenye midia ileile. Ya tatu ni ya mwanga wa bure: ondoa sampuli, acha tone la mafuta juu ya lenzi bila kioo wala kitu kingine karibu, na kitambaa cheusi juu yake. Njia ya tone la mafuta si safi, kwa kuwa uso wa juu wa tone nao unaakisi, ila umepinda na uko nje ya fokasi. Wengine huona afadhali kuweka kioo chembamba na kukipaka juu mafuta hayohayo kwa wingi, ili kwenye fokasi kusiwe na mpaka wowote. Mimi napendelea hii ya pili.

Kwenye Fiji, programu ya kuchakata picha, toa picha ya mwanga wa bure kutoka kwa picha ya seli na kutoka kwa ile ya sehemu tupu, kisha gawa ya kwanza kwa ya pili. Unapata picha ambayo 1 ni mahali patupu, na tarakimu za hapo juu zinaanza kuwa na maana.

Hatua ya 7: Hoji kila doa jeusi

Mishiko halisi ya fibroblasti ina sura yake: michirizi yenye urefu wa maikromita 2 hadi 10 na upana wa robo hadi nusu maikromita, imeelekea upande ambao seli inavuta, mingi karibu na ukingo. Izzard na Lochner waliitofautisha na maeneo mapana ya kijivu, yenye pengo la karibu nanomita 30, yanayokaa chini ya ukingo unaotangulia. Yote mawili ni ukaribu, lakini si kitu kimoja. Michirizi ndiyo inayobaki imekwama wakati seli inasonga mbele juu yake.

Majaribio yasikose. Badilisha rangi: piga picha ileile kwa 546 kisha kwa bluu ya 436. Weusi wa pengo dogo unabaki weusi kwenye rangi zote mbili. Weusi wa nanomita 204 unahama, kwa sababu kwa bluu mahali pake ni karibu na 163. Badilisha apecha: weusi unaofifia ukifungua diafragamu ulikuwa wa unene au wa kimo cha juu. Na kama una seli zenye vinkulini (protini inayokaa kwenye mishiko) iliyounganishwa na protini inayong'aa, piga floresensi mahali palepale. Mchirizi mweusi wenye vinkulini juu yake, kwenye ncha ya kamba ya aktini, hauna ubishi.

Kwa picha za mfululizo, sekunde 10 hadi 30 kati ya picha na picha zinatosha kwa fibroblasti. Seli nyingine hazina subira hiyo. Sporozoiti wa malaria, kimelea katika hatua anayotoka kwenye tezi za mate za mbu, huteleza maikromita moja au zaidi kwa sekunde, na mbinu hii ndiyo iliyoonyesha mwaka 2009 kwamba hatelezi kwa ulaini: anashika, anakwama, anaachia, anaruka mbele. Kwa kiumbe kama huyo piga picha kadhaa kila sekunde.

Mambo yakikataa

Picha yote ya kijivu, hakuna seli: mara nyingi uko kwenye fokasi ya uso mwingine, au pete ya Antiflex iko mahali pabaya. Rudi kwenye diafragamu ya uwanja.

Duara nyeusi na nyeupe zilizozungukana mahali pasipo na seli: hapo pana chembe au kiputo. Usizifute haraka. Tone ushanga mdogo wa plastiki wenye nusu kipenyo cha maikromita 20 kwenye kioo, bana apecha, na pima: katikati peusi, duara la kwanza angavu liwe takriban maikromita 2 kutoka katikati, duara jeusi linalofuata takriban 2.9. Vipimo vikilingana na hivyo, hadubini yako iko sawa. Visipolingana, kagua filta na kipimo cha kamera kabla ya kugusa seli.

Seli zilizogandishwa kwa formaldehidi zimepoteza utofauti wote: bila shaka umeziweka kwenye gliserini. Fahirisi ya midia za kuhifadhia zenye gliserini inakaribia 1.47, karibu sana na kioo, na mwakisiko wa kioo ulioutegemea umekufa. Zirudishe kwenye bafa ya fosfati na uzipige picha zikiwa humo, zisikauke hata mara moja.

Kioo cha polilaisini kinaonyesha seli angavu badala ya nyeusi: kabla ya kuilaumu polilaisini, tazama kama kamera au programu haijageuza rangi za picha.